Keroka ‘baba’ ni mama: maneno yanavyowapanga wanawake na wanaume

Mtoto akianguka sokoni Keroka na kulia “Baba! Baba!”, atakayekimbia kumwinua ni mama yake. Si kwamba mtoto amechanganyikiwa. Kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Kwetu Pwani tata ni fundo la uzi lisilofunguka, au jambo lililotushinda. Kwao ni mzazi wa kiume. Raila Odinga alipokuwa akiitwa “Baba” nchi nzima, bibi wa Kikisii alikuwa na haki ya kucheka kidogo pembeni.

Keroka ni mji mdogo wenye soko kubwa, njiani ukitoka Kisii kwenda Sotik. Mpaka wa kaunti mbili umepita hapo hapo mjini: upande mmoja ni Kisii, upande wa pili ni Nyamira, na kaunti hizo zimewahi kuzozana juu ya nani akusanye ushuru. Wengi wetu twawajua watu wa huko kupitia majirani zetu wa Kisauni, Likoni na Mtwapa, au kupitia ndizi na vinyago vya mawe vinavyoshushwa mjini. Nimeuchagua mji huu kwa makusudi. Ekegusii na Kiswahili ni ndugu, zote lugha za Kibantu, na mara nyingi mtu huiona kasoro ya nduguye kabla ya kuiona yake. Tukimtazama ndugu, huenda tukajiona na sisi.

Swali letu leo ni hili: je, maneno tunayosema na kuandika humpa mwanamke na mwanamume nafasi sawa? Wako wanaojibu haraka kwamba Kiswahili hakina tatizo hilo, eti hayo ni mambo ya Wazungu. Jibu hilo ni nusu kweli. Nusu ya pili ndiyo inayotugharimu, na nitaonyesha gharama yake kwa mifano ya Keroka na ya kwetu.

“Yeye” hana jinsia

Tuanze na nusu iliyo kweli. Mwingereza akisema mtu fulani amekuja, kwa kawaida huchagua kati ya “he” na “she”. Mwarabu ana “huwa” na “hiya”, na hata kitendo chenyewe hubadilika: mwanamume “kataba”, mwanamke “katabat”. Kila mtoto aliyepita madrasa ameyakariri hayo. Mswahili husema “ameandika” basi. Ukitaka kujua kama ni Ali au ni Amina, uulize.

Ekegusii ni hivyo hivyo. Mtu ni omonto, watu ni abanto, na hakuna kiwakilishi cha mwanamume kilicho mbali na cha mwanamke. Ndiyo maana sisi tulikuwa na “mwenyekiti” wakati Waingereza bado wanabishana kama mwanamke anaweza kuitwa “chairman”. Hata maneno tuliyoyachukua kwa Waarabu tuliyanyoosha. Wao wana marhum kwa mwanamume na marhuma kwa mwanamke, sisi tuna “marehemu” mmoja tu, awe bwana au bibi. Machache ndiyo yaliyobaki na jinsia yake, kama Sharifu na Sharifa, au ustadhi na ustadha.

Kwa hivyo sarufi yetu imeacha mlango wazi. Anayeufunga ni mtumiaji.

Chukua neno “mzee”. Kwa sarufi ni mtu yeyote mwenye umri mkubwa. Lakini ukisikia “wazee wamekaa kikao kuhusu shamba”, je, unamwona bibi yeyote akilini mwako? Ukitaka kumtaja mwanamke wa umri ule ule, itabidi uongeze kitu: “mwanamke mzee”, “bi mkubwa”, au vibaya zaidi, “kizee”. Ekegusii wana maneno mawili mbalimbali, omogaka kwa mzee wa kiume na omong’ina kwa bi mkongwe. Angalau wao wamesema wazi kwamba ni watu wawili. Sisi tuna neno moja ambalo kwenye kamusi ni la wote na kwenye baraza ni la wanaume.

Au chukua “mama mboga”. Siku hizi ni jina la cheo cha kisiasa, kila mgombea humtaja. Mwanamume akiuza sukuma wiki kwenye kibanda hicho hicho, huitwa mfanyabiashara. Chukua pia “Mwakilishi wa Wanawake”. Katiba ya 2010 imeweka viti 47 bungeni vya wanawake wanaochaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti, waume kwa wake. Lakini jina lenyewe limewafanya wengi waamini kwamba huyo si mbunge hasa, kazi yake ni vikundi vya akina mama na kugawa matangi ya maji. Mishi Mboko alianza na kiti hicho Mombasa mwaka 2013, kisha mwaka 2017 akachaguliwa mbunge wa Likoni, na kuna waliosema “sasa amekuwa mbunge”. Kwani ile miaka minne alikuwa nani?

Kuoa na kuolewa

Jinsia ikifukuzwa kwenye viwakilishi hujificha kwenye vitenzi. Ali ameoa, Amina ameolewa. Mmoja anatenda, mwenziwe anatendwa. Ekegusii nao wana konywoma kwa mwanamume na konywomwa kwa mwanamke, kwa mpangilio ule ule. Na ole wake mwanamume atakayeambiwa “ameolewa”. Hiyo ni kejeli ya kumvua heshima, kwamba anakaa nyumba ya mke na hana kauli.

Hapa ndipo Wakisii wanatufundisha jambo. Katika mila zao za zamani, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, na hasa mjane, aliweza kutoa mahari na kumleta mwanamke mwingine nyumbani kwake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba ile na warithi ardhi. Jambo hilo halikuwa la kimapenzi, lilikuwa la urithi. Katika ndoa hiyo yule mwenye mali ndiye anayeoa. Ni mwanamke, lakini kitenzi chake ni cha kutenda, na yule mwenziwe ndiye anayeolewa. Yaani kitenzi hakikufuata mwili wa mtu, kilifuata nani ameshika ng’ombe.

Mila kama hiyo ilifika hata kwetu kisheria. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kesi ya urithi ya jamii ya Wanandi, na ikamtambua mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenziwe kwa mila kuwa mrithi pamoja na wanawe. Kwetu Waislamu ndoa ya namna hiyo haipo, na siandiki ili kuipigia debe. Nataka tuone tu kwamba “kuoa” na “kuolewa” ni maneno ya mamlaka. Tunapomwambia binti “utaolewa” mara elfu moja kabla hajafika miaka kumi na tano, na kijana tunamwambia “utaoa”, tumewafundisha nani ataamua na nani atasubiri. Na tunalo neno la tatu tunalolisahau, nalo ni “wameoana”. Kiswahili kimelitoa bila kuazima popote, na linafaa kutumiwa zaidi.

Jina la mwanamke ni la nani?

Tuje kwenye majina. Mtu wa Pwani akifika Keroka hukosea hapa. Amezoea kwamba kwa Wajaluo jina linaloanza na “O” aghalabu ni la mwanamume, na linaloanza na “A” au “Nya” huwa la mwanamke. Anadhani Wakisii ni vivyo hivyo. Simeon Nyachae, aliyewahi kuwa waziri wa fedha, alikuwa mwanamume, na babake, Chifu Musa Nyandusi, pia. Majina ya kike ya huko ni kama Kerubo, Moraa, Kemunto, Bosibori, na Kwamboka, ambalo maana yake ni kuvuka, kama mtoto aliyezaliwa safarini mama akivuka mto. Ni majina kamili, yenye habari ndani yake, na ni ya mwenyewe.

Lakini mwanamke akishaolewa, jina lake huanza kufunikwa. Ekegusii wana neno mokamwana, mke wa mwana. Mswahili wa zamani hahitaji kutafsiriwa, kwa sababu sisi tuna “mkaza mwana”, neno lile lile la tangu enzi za mababu zetu wa pamoja. Huko “moka” ni mke wa fulani. Baadaye akizaa, huwa mama wa fulani. Kwetu pia: Mama Fatuma, Mama Abdalla. Majirani wanaweza kuishi mtaa mmoja miaka ishirini wasijue jina alilopewa siku ya akika yake.

Sisemi kwamba ni dharau. Kuitwa kwa jina la mtoto ni heshima kubwa, na akina baba pia huitwa Baba Fatuma. Ila mwanamume ana majina mawili yanayojulikana, la nyumbani na la mjini. La mwanamke la mjini ndilo linalopotea.

Tazama historia. Mwanamke aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza. Dunia inamjua kama Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Waingereza walimkamata pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola na kuwapeleka uhamishoni mbali na kwao. Wapi? Kisii. Mapema mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi Pwani, na ugomvi ukawaka upya. Kwa hivyo Pwani na Kisii tuna deni la zamani, ardhi yao ilipokea mfungwa wetu.

Miaka michache kabla yake, huko huko Kisii, alikuwepo mwanamke mwingine aliyewahimiza vijana kumpinga Mzungu. Huyo ni Moraa, anayekumbukwa kama Moraa moka Ng’iti, yaani mke wa Ng’iti. Mwezi wa Januari 1908 jamaa yake, Otenyo, alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza aliyeitwa Northcote, na jeshi likaja kulipiza kisasi kikali. Kwa miaka mingi simulizi za shuleni zilimtanguliza Otenyo kwa sababu mkuki ulikuwa mkononi mwake, na Moraa akabaki pembeni.

Basi hao ni majemadari wawili, mmoja anajulikana kwa mtoto na mwengine kwa mume. Na kalamu ya mkoloni ikaongeza lake. Mekatilili aliandikwa kwenye ripoti kuwa ni mchawi. Mwanamume aliyekusanya watu huandikwa kiongozi wa waasi, mwanamke huandikwa mchawi. Neno moja kama hilo likishaingia kwenye karatasi, hufanya kazi ya askari kumi.

Neno linalotangulia kisu

Sasa tufike penye uchungu. Lugha inaweza kumpeleka mtoto wa kike kwenye wembe.

Ekegusii wana majina manne ya vijana. Mvulana ambaye hajatahiriwa ni omoisia. Akishatahiriwa ni omomura. Msichana ambaye hajakeketwa huitwa egesagane. Akishakeketwa ni omoiseke. Tazama mwanzo wa maneno hayo. Matatu yanaanza na “omo”, ngeli ya watu, sawa na “m” yetu kwenye mtu na mtoto. Moja tu linaanza na “ege”, ambayo ni sawa na “ki” yetu kwenye kitu na kiatu. Mvulana asiyetahiriwa anatukanwa, ndiyo, lakini bado yuko kwenye ngeli ya watu. Msichana amewekwa na vitu mpaka akatwe.

Ili tusikosee, si kila “ki” ni tusi. Sisi tuna kiongozi na kijana, na jina lenyewe la lugha yao, Ekegusii, liko kwenye ngeli hiyo hiyo. Lakini Mswahili yeyote ajua tofauti ya mtu na kijitu, ya mtoto na kitoto. Msichana wa miaka minane haihitaji sarufi kulielewa. Anaitwa hivyo mtoni, anaitwa hivyo shuleni, na wenziwe waliokwisha kukatwa hawataki kukaa naye. Baada ya muda ni yeye mwenyewe atakayemwomba mamake apelekwe. Wazazi watasema hakulazimishwa, na watakuwa wanasema kweli, ila neno lilikwisha kufanya kazi yake.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa Kikisii wa umri wa miaka 15 hadi 49, asilimia 84 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa Kenya nzima ilikuwa asilimia 21. Kufikia utafiti wa 2022 hesabu ya Kenya ilikuwa imeshuka hadi 15. Kwa Wakisii, tena, kazi hii imehamia mikononi mwa baadhi ya wahudumu wa afya, wenye glavu na sindano ya ganzi, ili ionekane ni matibabu.

Hapo pia pana maneno yaliyosaidia. Ekegusii hutumia kitenzi kimoja, okwaroka, kwa mvulana na kwa msichana. Neno likiwa moja, watu hudhani jambo ni moja, na hali mambo haya hayafanani hata kidogo. Kiswahili nacho kina mtego wake. Ukisema “tohara ya wasichana”, umetumia neno la usafi, lile lile la kutawadha na kuoga. Ukisema “ukeketaji”, umesema kukata. Mtu anayetaka jambo liendelee atachagua la kwanza. Waandishi wa habari na watangazaji wetu wanaochanganya maneno haya mawili kana kwamba ni pacha, wangejua uzito wake wangechagua kwa uangalifu.

Na tusinyooshe kidole upande wa Keroka peke yake. Tana River ni Pwani. Wako ndugu zetu Waislamu wanaolifanya jambo hili na kuliita sunna, na wana maneno yao ya kumkejeli binti ambaye hajafanyiwa. Mwaka 2007 Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar, Cairo, lilisema ukeketaji hauna msingi katika sharia. Anayetaka kubishana na abishane na wanazuoni hao, asimtumie mtoto kuwa hoja yake.

Wengi hawajui kwamba bunge letu lililitambua jambo hili la maneno. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 haikuishia kwa ngariba. Kifungu cha 25 kinasema kwamba mtu anayetumia lugha ya matusi au dharau kumkejeli mwanamke kwa kuwa hakukeketwa, au mwanamume kwa kumuoa au kumuunga mkono mwanamke kama huyo, ametenda kosa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi sita, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Yaani sheria imekiri kwamba kabla ya kisu kuna neno. Aliyeandika kifungu hicho aliwaelewa watu wetu.

Nani ashike kalamu

Hadi hapa tumezungumza maneno ya mdomo. Maandishi nayo yana hadithi yake, na Pwani tuna ya kusimulia.

Salme, binti wa Sultan Seyyid Said wa Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844. Ameeleza kwamba watoto wa kike wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Msahafu lakini kuandika hawakufundishwa. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Fikiria: binti wa kifalme ilimbidi aibe elimu ya kuandika. Kusoma ni kupokea, kuandika ni kusema, na wakubwa waliijua tofauti hiyo.

Wako waliosema mapema zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake kwa ajili ya bintiye mnamo 1858, akiwa mgonjwa. Watu hubishana kama anamfundisha binti utiifu au anamfundisha namna ya kuishi katika dunia ya wanaume. Lakini hakuna anayebisha kwamba ni mama anayemwandikia binti, na kwamba aliitwa kwa jina lake na la babake, bila la mume, ingawa mumewe alikuwa mtawala wa Siyu. Siti binti Saad naye, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti ilikuwa yake, lakini wasifu wake uliandikwa na mwanamume, Shaaban Robert.

Wale ambao hawakupata karatasi waliandika kwenye nguo. Tangu 1887 duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Mali ya Abdulla, limekuwa likiuza leso Mombasa, na yale maneno ya pindoni yamekuwa gazeti la wanawake. Mwanamke anamjibu jirani, anamshukuru mama, anamwonya mume, na hakufungua kinywa. Leso hizo leo zimefika hadi bara. Ukienda Keroka utaona mama amembeba mtoto mgongoni kwa nguo yenye maneno ya Kiswahili cha Mombasa. Huenda ndiyo maandishi ya Kiswahili yanayosafiri mbali kuliko kitabu chochote, na wasomaji wake wakubwa ni wanawake.

Barua ya chifu

Sasa tuone haya yote yanapokutana kwenye meza ya ofisi.

Mtu akifa na kuacha ardhi, familia hutakiwa kupata barua ya chifu inayotaja warithi. Mara nyingi ni barua fupi, lakini ndiyo mlango wa mahakama. Chifu anauliza, “Marehemu ameacha watoto wangapi?” Mzee wa familia anajibu, “Wanne.” Wana wa kiume wanne. Mabinti watatu hawakuhesabiwa, kwa sababu “wameolewa”. Au wametajwa kwa namna ambayo mahakama haiwezi kuwajua: Mama Juma, mke wa fulani.

“Mtoto” kwa sarufi ni wa kike na wa kiume. Kwenye barua ile amekuwa wa kiume tu. Tumerudi kwenye mlango wetu ule ule, ulio wazi kwa sarufi na uliofungwa kwa mazoea.

Sheria ya Urithi ya Kenya haitenganishi watoto kwa jinsia. Sisi Waislamu urithi wetu unafuata sharia, na sheria hiyo hiyo ya nchi imetutambua hivyo tangu 1990. Na sharia imempa binti fungu lake kwa hesabu iliyo wazi ndani ya Qur’ani. Si zawadi ya kaka wala huruma ya ami. Kwa hivyo anayefuta jina la dadake kwenye barua hajatetea mila wala dini, amekula haki iliyopimwa na Mwenyezi Mungu. Mkisii wa Keroka atasema ni mila, Mswahili wa Old Town atasema dada amesamehe. Hila ni moja. Na dada aliyesamehe bila kuulizwa hajasamehe.

Linalozidisha shida ni jina. Uislamu haukumtaka mwanamke abadilishe jina akiolewa, Bibi Aisha (r.a.) alibaki binti wa Abubakar. Wazee wetu waliandika “binti” waziwazi. Leo kitambulisho kina majina matatu yaliyopangwa, “binti” limeanguka, na mabenki na hospitali humuuliza mwanamke kwa nini jina lake si la mumewe. Wengine, kwa kuchoka, hujiandikisha hapa kwa jina la mume na pale kwa jina la baba. Siku ya kudai, karatasi hazilingani, na yeye ndiye anayeitwa mdanganyifu.

Tufanye nini?

Kuna wanaosema kujumuishwa kunatosha. “Tukisema watoto, wasichana wamo. Tukisema wazee, akina mama wamo. Mbona mnataka watajwe?”

Jibu la swali hilo sisi Waislamu tunalo. Kwa Kiarabu wingi wa kiume hubeba na wanawake ndani yake, kwa hivyo kisarufi walikuwa wamo tangu mwanzo. Hata hivyo Ummu Salama (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kwa nini wanaume wanatajwa katika Qur’ani na wanawake hawatajwi. Ikateremka aya ya 35 ya Suratul Ahzab, inayowataja wanaume na wanawake sambamba, sifa baada ya sifa, mara kumi. Hakuambiwa “lakini mumo”. Kujumuishwa si sawa na kutajwa, na swali la mwanamke mmoja lilipewa jibu la kusomwa mpaka Kiyama.

Kwa hivyo nina manne, yote ya kufanywa nyumbani bila bajeti.

La kwanza, kila nyumba iandike majina kamili ya watoto wote, wa kike na wa kiume, pamoja na ya mama zao, mahali pamoja, na wote wayajue. Baba akiwa hai, asiweke siri. Kisha binti ahakikishe kitambulisho, akaunti na kadi ya hospitali vina jina lile lile.

La pili, anayekwenda kwa chifu aende na binti mmoja wa familia. Barua isipigwe muhuri kabla yeye hajaisoma.

La tatu, tuite jambo kwa jina lake. Ni ukeketaji. Na msichana yeyote akiitwa jina la kejeli kwa kuwa hakukeketwa, mzazi, mwalimu na imamu wajue kwamba hilo si mchezo wa watoto, ni kosa kisheria.

La nne ni letu wanaume tunaoandika, tunaohutubu na tunaoongoza vikao. Kabla ya kuandika “wazee wamekubaliana”, tuulize ni wazee gani. Kama hakukuwa na mwanamke, tuandike “wanaume watano wamekubaliana”. Tukiona haya kuliandika hivyo, basi tumejua tatizo liko wapi.

Lugha tuliyorithi haikutubana. Wakisii na Waswahili tulipewa na mababu zetu neno “mtu” lisilouliza jinsia. Tuliloongeza juu yake ni letu, na sisi ndio tutakaoulizwa.

Wallahu a’lam.